Moyo wa ng'ombe, ndoo ya maji na chelewa: njooni tuuelewe moyo tunaotembea nao

Maalim wa Chake

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Uzi huu nilikuahidini tangu mfungo sita. Leo skuli zimefunga, nyumba imetulia, nimepata nafasi ya kukaa kuandika. Ni mrefu, mnivumilie, jambo lenyewe halifupishiki.

Wiki mbili nyuma nilirauka nikaenda marikiti ya Chake kabla nyama haijaanza kukatwa. Nikamwomba muuza nyama moyo wa ng'ombe mzima. Akauweka kwenye mizani: kilo moja na robo. Nikautia ndooni, nikaufunika kwa jani la mgomba, nikapanda nao gari hadi skuli.

Sababu ni hii. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaujua moyo wa kwenye karatasi: duara lenye msalaba, nusu nyekundu, nusu buluu, na mishale pembeni. Vyumba vinne wanavitaja bila kukosea. Lakini nilipowauliza, "Kwa nini bibi akiumwa moyo huvimba miguu?" darasa zima lilinyamaza. Nikaona wamejua kuchora, moyo bado hawajaujua.

Tukauosha, tukauweka juu ya sinia. Kabla ya kisu nikamwambia kila mmoja aubinye. Upande mmoja ni mgumu kama paja la mwanariadha, upande wa pili unabonyea. Kisha tukapasua. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ulikuwa mnene kama vidole viwili vilivyolazwa pamoja. Wa kulia haukufika unene wa kidole kimoja. Msichana mmoja akasema, "Maalim, kama vile mioyo miwili imegandishwa." Nikamwambia darasa tayari limekwisha, yeye kashalisema.

Kwani ndivyo. Moyo ni pampu mbili zilizopakana ukuta mmoja. Ya kulia inapokea damu iliyochoka kutoka mwili mzima na kuisukuma mapafuni, ambako ni jirani tu, pua na mdomo. Ya kushoto inapokea damu iliyorudi kutoka mapafuni, imeshavuta oksijeni, na kuisukuma kote: ubongoni, kwenye figo, hadi ukucha wa kidole cha mguu. Kiasi cha damu ni kile kile pande zote mbili, lakini safari hazilingani, na ndiyo maana ukuta wa kushoto umejaa misuli. Na wa kwetu sisi ni vivyo hivyo, ila mdogo: takriban ngumi ya mwenye nao, gramu mia tatu hivi.

Kati ya chumba cha juu na cha chini pana mlango, na pale damu inapotokea nje pana mlango mwengine. Jumla, kwa pande zote mbili, milango minne, ndiyo vali. Zile za ndani zimeshikwa na nyuzi nyeupe ngumu zinazotoka kwenye ukuta wa chumba. Kijana mmoja wa Kojani, baba yake mvuvi, alizivuta kwa kidole akasema ni demani, ile kamba ya tanga. Kweli kabisa: demani hulizuia tanga lisigeuke kwa upepo, na nyuzi zile huzuia vali isipinduke upande wa pili damu inapoisukuma kwa nguvu. Mimi miaka yote ya kufundisha sijawahi kupata mfano mzuri kuliko ule.

Sasa hapa ndipo palipotokea jambo. Kila upande tulikuwa tumeupasua kuanzia chini, mlango wa juu wa kutokea damu hatukuugusa. Nikaushika moyo wima, nikamimina maji kwenye aota, yaani ule mshipa mkubwa unaotoka pampu ya kushoto. Nilitaka waone vali ya pale ikijifunga. Na ikajifunga: mifuko mitatu ya ngozi nyembamba ikajaa maji, ikakutana katikati, maji yakasimama. Wakashangilia. Halafu maji yakaanza kupungua, polepole. Mmoja akasema, "Inavuja."

Tukatazama chini yake. Chumbani hamna tone. Basi maji yanakwenda wapi?

Nikachomoa chelewa moja kwenye fagio, tukaiosha, nikawaonesha matundu mawili madogo ukutani mwa aota, juu kidogo tu ya ile mifuko. Nikaitia chelewa katika tundu moja, nikaisukuma taratibu. Ikapita chini ya mafuta, ikazunguka ubavu wa moyo, na ncha yake ikaonekana inainua ngozi ya juu, inateremka kuelekea kwenye ncha ya moyo. Maji yale yalikuwa yanaingia ndani ya nyama ya moyo wenyewe.

Hebu lifikirini hili. Moyo umejaa damu saa zote, lakini haunywi ile iliyomo vyumbani mwake. Unasubiri itoke, kisha matawi ya kwanza kabisa ya aota yanarudi kuulisha wenyewe. Na kwa sehemu kubwa unakula wakati umelegea, kwani ukijikaza unaviminya vishipa vyake vya ndani. Moyo unaopiga mara 72 kwa dakika hutumia kama sekunde 0.3 kujikaza na 0.5 kulegea. Mapumziko ni marefu kuliko kazi. Ukipiga mbio, kinachofupishwa zaidi ni yale mapumziko. Na ukisikia fulani kapata mshtuko wa moyo, mara nyingi ni kimoja kati ya vishipa hivi vya chelewa kilichoziba, na nyama iliyokuwa ikilishwa nacho inaanza kufa. Kifua kubana kama kimekandamizwa, maumivu kupanda tayani au kushuka mkono wa kushoto, jasho la baridi: hapo hakuna kungojea asubuhi, ni spitali saa hiyo hiyo.

Kabla hatujamaliza kisu kiligota kwenye kitu kigumu karibu na mzizi wa aota. Mfupa! Ng'ombe ana kijifupa ndani ya moyo, kinashikilia vali. Binadamu hana, sisi tuna utepe mgumu tu mahali pale. Nimeutia kwenye chupa, uko kabatini skuli.

Mwenye swali aulize. Nitajibu ninachokijua.

Bint Makunduchi

Wa alaykum salaam Maalim. Mashaallah, nimesoma mara mbili. Mimi nimekulia kwenye pweza, mama yangu anakwenda pwani kila bamvua, na tangu utoto tunaambiwa pweza ana mioyo mitatu. Ni kweli au ni maneno ya pwani?

Maalim wa Chake

Ni kweli tupu, dada yangu, na inaingia vizuri hapa. Miwili midogo inasukuma damu kwenye mashavu yake anakovutia hewa, wa tatu unaichukua damu iliyokwisha pata hewa na kuipeleka mwilini. Yaani kazi ile ile ya pampu zetu mbili, yeye kaigawa kwenye mioyo mbalimbali. Na damu yake ni ya buluu kwa kuwa inabeba oksijeni kwa shaba, yetu inabeba kwa chuma.

Ukitaka kuona tofauti, pasua changu. Moyo wake una chumba kimoja cha juu na kimoja cha chini, basi. Damu inatoka moyoni, inapita kwenye mashavu, na kutoka hapo inaendelea moja kwa moja mwilini bila kurudi kusukumwa tena. Ikishapenya vile vishipa vyembamba vya mashavuni nguvu imeshapungua. Kwa samaki inatosha. Sisi damu yetu ikitoka mapafuni inarudi moyoni kupewa msukumo mpya, na bila msukumo huo wa pili usingeweza kusimama wima na ubongo wako ukapata damu.

Kijana wa Wete

Maalim, mtihani unatwambia mzunguko wa damu uligunduliwa na William Harvey wa Uingereza. Mwalimu wetu wa dini anasema ni Waislamu. Nani mkweli?

Maalim wa Chake

Wote wawili wana kipande cha haki.

Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walimfuata Galen, ambaye vitabu vya Kiarabu humwita Jalinus. Yeye alifundisha kwamba damu hutengenezwa kwenye ini, inakwenda viungoni, na huko inaliwa. Hairudi. Na kwamba sehemu yake hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana kwenye ukuta wa kati.

Mwaka 1242 tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefanya kazi Cairo, aliandika wazi kwamba ukuta ule ni mnene na hauna vitundu, si vya kuonekana wala visivyoonekana. Kwa hivyo, akasema, damu ya kulia lazima iende mapafuni, ichanganyike na hewa huko, kisha irudi kushoto. Ukuta ule nimeushika kwa mkono wangu wiki mbili zilizopita. Hata chelewa haipiti. Nusu ya mzunguko, ile ya mapafuni, ni yake, na alitangulia kwa karibu miaka 400.

Harvey, mwaka 1628, ndiye aliyethibitisha duara zima. Hoja yake naipenda kwa sababu ni hisabati ya sokoni. Fanya mwenyewe. Kila pigo hutoa takriban mililita 70. Zidisha kwa mapigo 72: lita tano kwa dakika. Kwa saa moja ni lita 300, yaani pipa moja na nusu. Kwa siku ni zaidi ya lita 7,000, ujaze matangi meusi saba ya lita elfu elfu. Mtu mzima ana damu kama lita tano tu mwilini. Ini gani litatengeneza mapipa yote hayo? Na chakula gani ule? Hakuna njia ila damu ni ile ile inazunguka. Lita zako tano zinapita moyoni karibu zote ndani ya dakika moja, na wewe umekaa tu unasoma uzi.

Kitu kimoja hakukiona: damu inavukaje kutoka mishipa inayotoka moyoni kwenda ile inayorudi? Hilo alilionesha Marcello Malpighi wa Italia mwaka 1661, kwa hadubini, kwenye pafu la chura. Kapilari, yaani vishipa vinavyounganisha mishipa hiyo. Ni vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita moja moja, nyengine kwa kujikunja. Na pale damu hutambaa chini ya milimita moja kwa sekunde, kwani kazi yote inafanyika hapo: kutoa oksijeni na chakula, kuchukua taka.

Kijana wa Wete

Ahsante Maalim. Na hiyo damu inayorudi ndiyo ya buluu?

Maalim wa Chake

Hapana. Buluu ni kalamu ya rangi tu. Damu isiyo na oksijeni ya kutosha ni nyekundu iliyoiva, kama juisi ya zambarau. Aliyewahi kutolewa damu ya kupimwa ameiona kwenye chupa. Mshipa unaonekana wa kijani au buluu kwa namna mwanga unavyopenya ngozi na kurudi.

Ila hiyo mishipa ya mkononi ina kitu cha kukuonesha sasa hivi. Ning'iniza mkono mpaka mishipa isimame. Chagua mmoja ulionyooka, ubonyeze kwa kidole karibu na kiganja. Kwa kidole cha pili sukuma damu kuelekea kwenye kiwiko, kisha kiachie kidole cha juu. Mshipa unabaki mtupu, damu hairudi chini. Kiachie cha chini: unajaa mara moja. Ndani yake mna vali ndogo zinazoruhusu njia moja tu. Harvey alitumia jaribio la namna hii.

Mama Wawili

Maalim, lile suali lako la miguu ya bibi limenigusa mimi. Mkwe wangu mwanamke, Mungu amuafu, miezi miwili hii halali kitandani sawasawa. Alianza na mito miwili, sasa mitatu, saa nyengine usiku anaamka anahema, anakwenda kukaa dirishani. Sasa na miguu imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Watu wanasema ni husda. Ni moyo huu?

Maalim wa Chake

Mungu amuafu, dada. Mimi si daktari na sitompima mtu kwa maandishi, lakini dalili ulizozitaja zinataka spitali wiki hii hii, si ijayo. Akipumua kwa shida hata akiwa amekaa, au kifua kikimbana, basi ni leo leo. Naomba usikae nalo.

Nitakueleza kwa nini, na hili ndilo nililotaka watu waondoke nalo kwenye uzi huu. Damu inakwenda kwa duara, haina pahala pengine pa kupita. Basi pampu moja ikichoka, foleni inaanza nyuma yake. Ukitaka kujua tatizo liko wapi, tazama kilichoko nyuma ya mlango.

Nyuma ya pampu ya kushoto kuna nini? Mapafu. Kushoto kukidhoofika, damu inarundikana mapafuni, na maji yake yanavuja kwenye vifuko vya hewa. Akiwa amekaa, uzito unayavuta chini na sehemu ya juu ya pafu inapumua. Akilala chali, damu iliyokuwa miguuni inarudi kifuani, mapafu yanaelemewa. Ndiyo maana anaongeza mito. Anajitibu bila kujua.

Nyuma ya pampu ya kulia kuna nini? Mwili mzima. Kulia kukielemewa, maji yanabaki ya chini kabisa: miguuni kwa anayetembea, kiunoni kwa anayelala sana, na ini nalo hujaa. Na kwa vile kushoto kukifunga foleni kulia ndiko kunakolazimika kuisukuma, mara nyingi matatizo huanza kwa mito na kuishia kwa miguu. Tazama ulivyoandika mwenyewe: mito kwanza, miguu baadaye.

Miguu inaweza kuvimba kwa figo pia, au ini, ndiyo maana lazima apimwe. Lakini dawa zipo. Za kukojoza maji, za kuupunguzia moyo mzigo. Watu wanarudi kulala kwa mto mmoja.

Muuguzi Mkoani

Maalim kasema vyema. Naongeza moja ambalo sisi tunaliona na linauma, kwa kuwa linawapata watoto.

Mtoto wa miaka mitano hadi kumi na tano anaumwa koo. Homa, hamezi vizuri. Anapewa maji ya chumvi, siku nne tano anacheza. Koo nyengine ni za virusi na kweli zinakwisha zenyewe, lakini baadhi ni za bakteria anayeitwa streptokokasi. Wiki mbili tatu baadaye huenda magoti yakavimba, leo hili kesho lile. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria wale inashambulia na viungo vya mtoto mwenyewe, na katika moyo inashambulia vali. Ile milango ya Maalim. Inavimba, inapona na kovu, inagandamana au haifungiki sawasawa. Kila koo jipya linaongeza kovu. Kisha binti anakuja kuolewa, anapata mimba, damu mwilini inaongezeka karibu nusu nzima, na vali iliyokuwa inajikongoja inashindwa. Hapo ndipo familia inajua kwa mara ya kwanza.

Ukimsikiliza kwa kipimo cha kusikilizia, badala ya lile "dub-dab" safi, ambalo ni sauti ya vali kujifunga, unasikia mvumo, kama upepo chini ya mlango.

Mtoto mwenye koo na homa apelekwe kituoni aangaliwe. Akipewa dawa za kuua bakteria azimalize, hata kama kapona siku ya pili. Na aliyekwisha kuwa na ugonjwa huu wa viungo na vali huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Tafadhalini msizikatize. Mama anasema mtoto mzima, analia sindano. Najua. Lakini sindano ile inamlinda na koo linalofuata.

Mkarafuu

Nyinyi wasomi mnatisha watu. Mimi napanda mkarafuu tangu nina miaka kumi na mbili, sasa nina hamsini na tatu. Presha ninayo, niliambiwa. Lakini presha yangu naijua, ikipanda inanigonga kisogoni. Siku hiyo nakunywa kidonge. Ikiwa kimya sinywi, kwa nini nitie sumu mwilini bila ya kuumwa?

Maalim wa Chake

Kaka yangu, umeandika maneno ya baba yangu, neno kwa neno. Ndiyo maana nakujibu kwa urefu, na nakujibu kwa mapenzi.

Presha ni nguvu ambayo damu inausukuma ukuta wa mshipa. Namba ya juu ni wakati moyo umejikaza, ya chini ni wakati umelegea. Ukiambiwa 120 kwa 80, ile 120 ni milimita za zebaki; ni nguvu ya kuinua maji mita moja na sentimita sitini, karibu kimo cha mtu. Daktari Mrusi Nikolai Korotkov alionesha mwaka 1905 namna ya kuisikiliza: mkanda unabana mkono hadi damu isipite, unalegezwa, na pigo la kwanza kusikika ndiyo ya juu, sauti zikipotea ndiyo ya chini. Ikifika 140 kwa 90 na kuendelea, ukapimwa zaidi ya siku moja, hiyo ni presha ya kupanda.

Ukuta wa mshipa hauna namna ya kukwambia umesukumwa sana. Mtu anaweza kutembea na 180 akajisikia mzima kama wewe. Kichwa kinauma kwa jua, kwa njaa, kwa kukosa usingizi, na kwa kushinda juu ya mti umeinua shingo. Ukisubiri kisogo kikupe taarifa, unasubiri asiyejua.

Na huku kimya kile kinafanya kazi. Pampu ya kushoto inasukuma dhidi ya mzigo, kila pigo, mapigo laki moja kwa siku. Ukuta wake unanenepa. Utaona kunenepa ni nguvu, lakini ukuta ukinenepa unakuwa mgumu, haulegei vizuri, na ile chelewa ya kuulisha ni ile ile moja. Mishipa ya figo inakakamaa. Mishipa ya ubongo inachanika au kuziba.

Baba yangu alikuwa akinywa dawa akijisikia vibaya, akiacha akijisikia vizuri. Alikuwa mtu wa akili, si mjinga. Hakuna aliyekaa naye kumwambia kwamba kidonge hakitibu maumivu, kinashusha nguvu ya msukumo, na ukikiacha msukumo unarudi pale pale. Mimi nilikuwa nafundisha moyo skuli wakati ule, na sikumwambia, kwa kuwa nilidhani spitali wamemwambia. Alfajiri moja aliinuka kwenda kutawadha, birika likamtoka mkononi. Upande wa kulia wote haukurudi tena. Aliishi miaka mitatu baadaye, na neno alilolipenda kuliko yote, jina la mama, halikumtoka tena.

Nenda kapime, kaka. Kaa kitako dakika tano kwanza, miguu chini, mkono uegemee mezani usawa wa moyo, usizungumze. Wapime mara mbili. Na chumvi: kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu mzima kisizidi, kikiwemo cha kwenye mkate na kwenye ng'onda. Ng'onda peke yake inaweza kukumaliza fungu lote.

Mzee wa Jambiani

Na sisi wa presha ya kushuka je? Mimi kwenye tarawehe, nikiinuka kutoka sijida, dunia inazunguka.

Maalim wa Chake

Shikamoo mzee. Ukisimama, nusu lita ya damu au zaidi inashuka miguuni na tumboni kwa uzito wake. Kwenye mishipa ya shingo na kwenye aota mna vihisio vinavyolisikia hilo. Ndani ya sekunde chache moyo unaongeza kasi na mishipa ya chini inajikaza. Umri ukienda vihisio vinachelewa, na wakati wa mfungo maji mwilini ni kidogo, baadhi ya dawa nazo huongeza. Kwenye ile nafasi ya kuchelewa ndipo dunia inapozunguka. Inuka taratibu, shika nguzo au swali karibu na ukuta, kunywa maji ya kutosha baina ya futari na daku, ila ukiwa una tatizo la moyo au figo muulize daktari kiasi. Na mwambie akupime ukiwa umelala, halafu umesimama. Wengi hupimwa wamekaa tu na tatizo hili halionekani. Anayetumia dawa za presha apange na daktari saa za kuzinywa kabla Ramadhani haijaingia.

Na misuli ya shavu la mguu ni pampu pia: ukiikaza, inaminya mishipa na kupandisha damu juu. Kabla ya kuinuka kaza mashavu ya miguu mara tano sita.

Mama Wawili

Maalim, tumempeleka. Wamemlaza. Wamemtia dawa ya kukojoza, jana kalala kwa mito miwili.

Maalim wa Chake

Alhamdulillah. Umenifurahisha sana.

Mkarafuu

172 kwa 104. Na kichwa hakiniumi hata kidogo. Nimepewa vidonge vya mwezi, narudi baada ya wiki mbili kupimwa tena. Mke wangu kauficha mtungi wa ng'onda.

Maalim wa Chake

Allah akuhifadhi, kaka. Nunua daftari dogo, andika kila namba na tarehe yake, uende nalo kila ukirudi. Na juu ya mkarafuu usipande peke yako wiki hizi za mwanzo, dawa mpya zinaweza kukutia kizunguzungu.

Mwalimu Micheweni

Maalim, nataka kulifanya somo hili kwangu muhula ujao. Nimemuuliza muuza nyama wa huku, kanipa moyo uliokatwa juu, hauna mishipa, na umepasuliwa kati. Nifanyeje?

Maalim wa Chake

Huo hautokufaa kwa maji, lakini unaweza kuwaonesha unene wa kuta na zile nyuzi. Kwa mwengine, mwambie siku moja kabla, wala si asubuhi ile, kwani huukata juu kwa kuona mishipa haina mnunuzi. Mwambie akuachie vidole vinne vya mishipa juu ya moyo. Yeye haumii, ni nyama anayoitupa. Uoshe mabonge ya damu kwanza kwa maji mengi, la sivyo vali hazitofunga. Ukishapasua, mshipa unaotokea upande wenye ukuta mnene ndio aota, na ndio utakaomiminia maji. Chelewa ichague iliyo changa, inayopindika, na uikate ncha isiwe na makali, kwani kavu itatoboa mshipa na watoto hawataona inakokwenda.